Kutoka Outering hadi Lenana: Mlima Hautaki Watu wa Haraka

Wenzangu wa Eastlands ya Nairobi, wa Umoja, Kayole, Donholm, Buruburu, Dandora na Kariobangi, najua mmeketi sasa hivi na blanketi mabegani, maana hiki ni kipupwe na nyumba zetu za mawe hazikujengwa kwa kufikiria baridi. Ghorofa ya tano, dirisha la chuma lisilofunga sawasawa, sakafu ya saruji. Mtu akitaka kuoga asubuhi huanza kwa kujibembeleza.

Sasa, katika majira haya haya, kuna vijana wetu wanaochanga pesa ili waende mahali penye baridi kuliko hapa. Si utani. Pita stejini Ijumaa jioni utawaona: watu kumi, kumi na wanne, mabegi yanapangwa nyuma ya matatu iliyokodiwa, spika ndogo inalia, na kila mmoja amefura ndani ya jaketi kubwa. Wanaelekea Naro Moru au Nanyuki, na kutoka hapo Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kenya, kuona theluji. Ikifika Jumapili picha zimejaa kwenye simu: kilele cha Lenana, mita 4,985, bendera imekunjuliwa, meno nje. Jumatatu asubuhi wako kazini Industrial Area, macho mekundu.

Niseme mapema nimesimama wapi, nisije nikaeleweka vibaya. Safari hii naiunga mkono. Kwa miaka mingi mlima ule ulikuwa wa watalii kutoka Ulaya, wanajeshi, na wanafunzi wachache wa klabu za vyuo vikuu. Mtoto wa Makongeni aliusoma katika kitabu cha jiografia, na asubuhi moja moja isiyo na mawingu aliuona kwa mbali, juu ya mapaa, akaambiwa ule pale, akaenda zake shule. Kwamba leo kinyozi wa Umoja na fundi wa stima wa Kayole wanachanga kupitia chama chao na kwenda kuukanyaga, hilo ni jambo jema, na waliochelewa ni sisi wazee wao. Ugomvi wangu ni na ratiba. Ijumaa usiku hadi Jumapili usiku! Mlima haujali unatoka mtaa gani, lakini mtu mwenye haraka haumwachi hivi hivi.

Tuanze na mavazi, kwa sababu safari ya Mlima Kenya kwa mtu wa Eastlands huanzia soko la mitumba la Gikomba.

Msimu wa baridi wa Ulaya na Kanada unapopita, nguo zake nzito huchujwa kabatini, hufungwa katika marobota, huvuka bahari hadi Mombasa, na mwisho wa safari humwagwa juu ya turubai kando ya Mto Nairobi. Juzi nilishika pale jaketi moja jekundu. Kwenye zipu ilikuwa bado imening'inia tikiti ya plastiki, ile wanayopewa watu wanaopandishwa kwa nyaya juu ya mlima ili wateremke wakiteleza kwenye theluji. Ilikuwa imekunjamana, na maandishi yake ya Kijerumani yamefifia. Muuzaji akaona ninaikodolea macho. "Kastoma," akaniambia, "hii imetoka kwa theluji yenyewe. Hiyo tikiti nakuachia bure." Alitaka elfu mbili.

Wanaojua kuchagua hawaangalii rangi. Huligeuza jaketi ndani nje na kupitisha kidole kwenye mishono, waone kama ule utepe uliobandikwa kuzuia maji umeanza kubanduka. Huomba maji kidogo kwa mama wa chai, wakayamwaga begani mwa jaketi: yakiviringika na kuanguka, vizuri, yakizama, hilo ni la kuvaa kanisani. Jaketi la manyoya ya bata ni zuri mno likiwa kavu, na halina maana likilowa, kwa hiyo linahitaji jingine la kuzuia mvua juu yake. Suruali ya jinzi iacheni nyumbani. Pamba ikilowa haikauki kule juu, nayo hunyonya joto la mwili saa baada ya saa. Sweta la sufi la mia tatu, hata lenye tundu kwenye kiwiko, ni bora kuliko fulana tatu mpya za pamba.

Halafu viatu. Hapa naomba mnisikilize, maana hili wengi hawaambiwi. Buti la mtumba la kupandia mlima linaweza kuonekana jipya kabisa, ngozi inang'aa, kamba nzima, na bado likakuaibisha. Katikati ya soli ya mabuti mengi ya aina hiyo kuna povu la plastiki, na povu hilo huzeeka hata kiatu kikikaa kabatini bila kuvaliwa. Unyevu wa hewa hulila polepole. Siku unapolibebesha uzito na kulipitisha kwenye matope ya Naro Moru, linamomonyoka, soli inaachia na kuanza kupiga makofi. Nimemwona kijana mmoja akiteremka na soli imefungwa kwa kamba ya hema. Kabla ya safari, peleka buti kwa fundi, alikunje kwa nguvu, aangalie nyufa za ubavuni, alishone pande zote. Kisha livae mtaani wiki mbili, upande nalo ngazi za ghorofa. Majirani watacheka. Wacha wacheke.

Njia yenyewe mnaijua. Mnatoka na Outering, mnapita mzunguko wa Kariobangi, mnafika Allsops na kuingia Thika Road. Githurai, Ruiru, Juja, Thika. Baada ya Kenol mnapita barabara iliyopanuliwa kuelekea Sagana, ambapo zamani malori yalikuwa yanatufuga nyuma yao saa nzima, halafu Karatina, halafu Kiganjo, na kufika Naro Moru mmemaliza zaidi kidogo ya kilomita 170. Ni saa tatu, nne mkisimama kununua maparachichi. Ubaya wa barabara nzuri ndio huo. Inakufanya uamini kwamba mlima uko karibu.

Ukipima kwa kilomita, kweli uko karibu. Pima sasa kwa kimo. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Lango la Naro Moru liko kama mita 2,400, kituo cha Met Station mita 3,050, kambi ya Mackinder mita 4,200, na kilele cha Lenana 4,985. Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala usiku pasipande zaidi ya mita 500 kila siku, na baada ya siku tatu au nne upumzike. Vijana wetu Ijumaa wanalala ndani ya matatu, au hawalali kabisa. Jumamosi wanapanda kutoka langoni hadi Mackinder kwa mkupuo mmoja. Saa nane ya usiku wanaamshwa kupanda Lenana gizani ili jua liwakute kileleni. Hesabu hiyo haihitaji kwenda chuo kikuu. Damu haijapata nafasi ya kuzoea hewa ambayo, karibu na mita 5,000, ina zaidi kidogo tu ya nusu ya oksijeni unayoivuta ukiwa Mombasa.

Mwili hupiga kelele kwanza kwa mambo madogo: kichwa kugonga, kichefuchefu, chakula kukataa kushuka. Hapo watu huchekeana, wakasema ni mutura wa Karatina. Ukifika mahali mtu anapepesuka kama mlevi, au anaongea mambo yasiyoeleweka, au kifua kinatoa sauti ya maji na kikohozi hakimwachi hata akiwa amepumzika, basi ubongo unavimba au mapafu yanajaa maji, na dawa yake ni moja: ateremshwe, saa hiyo hiyo, usiku huo huo, asiachwe apumzike hadi kuche. Na hapa ndipo urafiki wa mtaani unapoweza kumponza mtu. Hakuna anayetaka kuwa yule aliyerudisha kikundi nyuma baada ya chama kuchanga miezi sita. Anajikaza. Wenzake wanamwambia ajikaze. Kiongozi wa safari anapaswa kulisema jambo hili mapema, wakiwa bado stejini: mmoja akilemewa, wawili wanashuka naye, na hakuna atakayewadai pesa wala kuwacheka kwenye kundi la WhatsApp.

Ningependa vijana wetu waisikie habari ya Waitaliano watatu. Wakati wa vita vya pili vya dunia, Waingereza walikuwa na kambi ya wafungwa wa kivita pale Nanyuki. Felice Benuzzi, mfungwa mmoja, alikuwa akiutazama mlima kupitia seng'enge kila asubuhi hadi akili ikamkaa huko. Yeye na wenzake, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walijiandaa kwa miezi, kwa siri. Walitengeneza meno ya chuma ya kufunga kwenye viatu kutokana na vyuma vya jalalani, kazi ambayo mafundi wetu wa Kamukunji wangeielewa mara moja. Ramani hawakuwa nayo; walitumia picha ya mlima iliyochapishwa kwenye lebo ya mkebe wa nyama. Januari 1943 wakatoroka. Barsotti aliugua, akabaki kambini kwao kule juu. Wawili walijaribu Batian, kilele kikuu cha mita 5,199, wakashindwa, wakafika Lenana mwanzoni mwa Februari na kusimika bendera ya nchi yao. Kisha wakateremka, wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe na kujisalimisha, wakafungiwa seli. Benuzzi aliandika kitabu. Siku zote zile nje ya kambi zilikaribia majuma matatu, tena wakiwa na njaa. Sisi wenye tikiti, simu na jaketi la Gikomba tunataka kumaliza kwa siku mbili.

Lakini tusidhani ni wageni tu waliowahi kuishi na baridi ile. Kuna safari nyingine kutoka mitaa hii kwenda mlimani, na haikuwa ya kupiga picha. Kuanzia 1952, vijana kutoka mitaa ya Waafrika ya Nairobi, Pumwani, Bahati, Shauri Moyo na kwingineko, waliingia msituni Nyandarua, yaani safu ya Aberdare, na Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, kupigania ardhi na uhuru. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, aliwahi kufanya kazi katika shirika la reli hapa Nairobi kabla ya kuongoza wapiganaji wa Mlima Kenya hadi alipokamatwa Januari 1954. Aprili 24 mwaka huo serikali ya kikoloni ilizingira mitaa yetu katika operesheni waliyoiita Anvil, nyumba hadi nyumba, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa vizuizini. Lengo mojawapo lilikuwa kukata njia ya chakula, dawa, nguo na vijana kutoka Eastlands kwenda msituni. Waliokuwa tayari kule juu walishonewa nguo za ngozi za wanyama, wakalala penye sakitu, miaka si wikendi. Dedan Kimathi alikamatwa ukingoni mwa msitu wa Nyandarua Oktoba 21, 1956. Unaposimama kwenye ukungu wa mita 3,000 ukitetemeka baada ya saa mbili, si vibaya kumkumbuka mtu aliyekaa hapo misimu minne akiwa na shuka.

Na usiku wa uhuru, Desemba 12, 1963, Kisoi Munyao alikuwa juu ya Lenana akipandisha bendera mpya ya Kenya wakati watu walikuwa wakishangilia huku chini. Kwa hiyo hizo bendera mnazopandisha kwenye picha zina mzee wao.

Sasa tuje kwenye theluji yenyewe, ambayo ndiyo iliyowatoa nyumbani.

Wengi hurudi wakinung'unika. Walitegemea weupe wa kwenye sinema, wakakuta mawe, changarawe, na kipande cha barafu ya kijivu upande mmoja. Sababu mojawapo ni kalenda. Sisi hatuna majira ya baridi ya kweli; Ikweta inapita pale Nanyuki. Katika mlima wa Ikweta kila usiku ni kipupwe na kila adhuhuri ni kiangazi. Theluji mbichi huanguka zaidi katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, wakati njia ni matope matupu na ule mteremko wa kinamasi wa Naro Moru unameza mguu hadi gotini. Miezi mikavu ya kupandia, Januari na Februari, kisha Agosti na Septemba, mara nyingi hukuti theluji mpya nyingi. Anayetaka njia kavu na weupe mwingi kwa pamoja anaomba mvua na jua siku moja.

Kiu hii ya theluji si ya leo. Septemba 2008, pale Busara karibu na Nyahururu, kilima kizima kiliamka cheupe. Watu walifurika kutoka kila upande, wengine wakaiweka mdomoni, wengine wakaizoa mikononi. Wataalamu wa hali ya hewa wakaja kueleza kwamba ilikuwa mvua ya mawe iliyoanguka kwa wingi mno na kugandamana. Maelezo hayo hayakumfukuza mtu. Na kabla ya hapo, Wazungu wenyewe walibishana kuhusu theluji yetu. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, yule wa Rabai, aliuona Mlima Kenya kutoka Kitui Desemba 3, 1849, na wasomi wa London wakamwambia theluji haiwezi kukaa kwenye Ikweta. Wakamba waliokuwa wamesimama naye hawakuhitaji kuthibitishiwa.

Walichokiona wakati ule kilikuwa kingi kuliko tunachokiona sisi. Halford Mackinder alipopanda Batian Septemba 1899, mlima ulikuwa na barafuto 18, yaani yale mabamba makubwa ya barafu ya kudumu yanayotambaa polepole bondeni. Nyingi zimekwisha. Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote na ambayo ndiyo mnayoiona mkielekea Lenana, imenywea hadi kubaki mabaka. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba Mlima Kenya huenda ukawa miongoni mwa safu za kwanza kabisa duniani kupoteza barafuto zake zote kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi yanayoletwa na binadamu, na likataja miaka ya 2030. UNESCO mwaka uliofuata ikaonya kwamba barafuto za Mlima Kenya na Kilimanjaro zitakuwa zimetoweka kufikia 2050. Mtoto anayezaliwa hospitali ya Mama Lucy wiki hii huenda asiione.

Najua kwamba taarifa kama hizi ndizo zinazozidisha haraka. Twende sasa kabla haijaisha! Ni kweli, nendeni. Lakini barafu ikiwa ndiyo sababu yenu pekee, mtapita kando ya mambo makubwa zaidi bila kuyatazama. Ukifika bonde la Teleki utakuta mimea iliyosimama kama askari kwenye ukungu, mirefu kuliko mtu. Ule wenye shina nene, wataalamu huuita Dendrosenecio, hautupi majani yake yaliyokufa. Huyaacha yashikamane na shina tabaka juu ya tabaka na kuyavaa kama mitumba, ili maji yaliyo ndani ya shina yasigande usiku. Jirani yake, lobelia, jioni hukunja majani yake kufunika kichipukizi cha katikati. Kuna aina ya lobelia inayokaa na maji ndani ya kikombe cha majani. Amka mapema, inama, guza: juu pameganda utando mwembamba wa barafu unaovunjika kwa ukucha, na chini yake maji bado ni maji, na kichipukizi kiko salama. Hapo hapo miguuni pako pimbi wamenona, hawaogopi mtu, wanasubiri mikate yenu. Msiwape. Mtu aliyetembea usiku kucha ili arudi chini saa sita hawezi kuinama kwenye lobelia. Hana nafasi.

Tena kuna habari ya maji, na hii ni yetu hasa sisi wa Eastlands tunaojua siku za mfereji kuliko siku za sikukuu. Mtu anaweza kudhani barafu ikiisha ndipo mitungi itakapokauka. Sivyo. Mchango wa barafuto katika mito yetu ni mdogo. Kinachohifadhi maji ni msitu, na ile mbuga ya nyasi na kinamasi iliyo juu ya msitu, inayonyonya mvua na ukungu na kuyaachilia maji kidogo kidogo. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka safu ya Aberdare kupitia bwawa la Ndakaini, lililokamilika 1994. Mto Tana, ambao kule juu unaitwa Sagana, hukusanya maji ya milima yote miwili na kuzungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kwa hiyo tope kama lile mnalolilaani mkipanda Naro Moru ndilo tangi letu. Msikate kuni humo. Msiwashe moto kwenye nyasi kavu. Mlima ule umewahi kuungua vibaya, na mimea yake huchukua miaka mingi kurudi.

Ndugu zetu walioko Calgary na Minnesota hutucheka wakituona tumevaa majaketi yao ya zamani. Lakini waulizeni wanavyosafiri wao. Kule Yellowstone, barabara nyingi za hifadhi hufungwa kwa magari ya kawaida majira ya baridi, inabaki ile ya kaskazini. Katika hifadhi za Banff na Jasper, ile barabara maarufu inayopita kando ya barafuto hairuhusiwi kuendeshwa kuanzia Novemba hadi Machi bila matairi ya theluji au minyororo. Dereva hubeba blanketi, koleo, chakula na maji hata kama anakwenda kwa shangazi. Watu waliozaliwa ndani ya theluji wanaiheshimu kiasi hicho. Sisi tunaiendea na soda na mkate.

Na kwa wale ambao kupanda si kwao, magoti au moyo vimekataa, kuna safari ya gari ambayo naona haisifiwi vya kutosha. Vukeni Aberdare. Ingieni upande wa Nyeri, mpande msitu, mtokeze kwenye mbuga iliyo juu ya mita 3,000, mtokee lango la Mutubio upande wa Kinangop, mshuke Naivasha na kurudi nyumbani. Njiani kuna maporomoko ya Karuru, mita 273 kwa hatua tatu. Asubuhi mapema nyasi zimepigwa sakitu, zinakatika chini ya kiatu. Gari liwe la magurudumu manne yanayovuta, maana matatu ya Kayole haitatoka huko, na mpige simu kwanza, kwa sababu mvua ikinyesha barabara za ndani hufungwa. Mtakuwa mmeona baridi ya kutosha, na bibi yenu anaweza kuja pia.

Kabla sijafunga, jiko. Kila kipupwe mtaani tunazika watu waliowasha makaa ndani ya chumba, wakafunga dirisha na kulala. Hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Humchukua mtu usingizini. Sasa tabia hiyo inapanda mlimani: kikundi kinaingiza jiko dogo la gesi ndani ya hema na kufunga zipu ili kupasha joto. Ni sumu ile ile. Pikeni nje. Mkiona baridi imezidi, jazeni maji ya moto kwenye chupa, mziingize kwenye mifuko yenu ya kulalia.

Basi nyinyi mnaopanga Agosti na Septemba, ombi langu ni moja. Ombeni ruhusa kazini, muwe na siku tano. Laleni usiku wa kwanza karibu na lango, wa pili Met Station, au kambi ya Old Moses kama mmechagua njia ya Sirimon, mpande na kushuka kidogo siku inayofuata, ndipo muende kambi ya juu. Mwajiri akikataa, ahirisheni. Mchukue mwongozaji anayetambuliwa na Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), mlipe vizuri pamoja na wapagazi, na mhakikishe hata mpagazi ana jaketi, kwa maana mara nyingi mzigo wa theluji hubebwa na mtu aliyevaa shati. Mkifika langoni andikeni majina yenu yote kwenye kitabu, na mkishuka msipite moja kwa moja kwenda Karatina kutafuta nyama. Simameni, ingieni ofisini, mtie sahihi kwamba mmetoka. Jina lisilotiwa sahihi huwapandisha askari wa hifadhi usiku kumtafuta mtu aliye tayari kitandani kwake Umoja.